Kwa Babu Marselino, Aliyekataa Kuwapa Wageni Ini Baya

Ni mwaka mmoja sasa, Babu, tangu mwimo wa mlango wa jikoni ukose mgongo wako.

Coleta ndiye aliyeuona kwanza. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka juzi, baridi imekaza, naye alikuwa anafagia. Akaona mwimo wa kulia unang'aa. Haukung'aa wote, ulianza kung'aa usawa wa kiuno cha mtu mzima ukaishia mabegani, na kwingine kote mbao ilikuwa nyeusi kwa moshi. Akadhani ni mbuzi. Kisha akakumbuka kwamba mbuzi hawana kimo hicho. Kesho yake asubuhi akakukuta wewe, Mzee Marselino wa bucha, umesimama pale umefumba macho, unapanda na kushuka taratibu, kikombe cha chai mkononi na hata tone halimwagiki.

Bibi Gaudiosa naye alikuwa anakutazama kutoka kwenye mafiga.

"Baba Mathias," akasema, "mlango huo ulishapigwa randa na fundi."

"Najinyoosha tu."

"Ng'ombe wa Mboje nao hujinyoosha hivyo hivyo kwenye nguzo za zizi. Huwa wanapelekwa josho."

Leo familia inakukumbuka, na kazi ya kuandika karatasi hii imepewa Coleta, mjukuu wako, kwa sababu wengine wote wanajua kusema na yeye hajui. Aliishia darasa la tano, mama yake alipofariki, lakini mwandiko wake unasomeka. Karatasi itasomwa baada ya misa, kisha itabandikwa buchani karibu na ndoano zako. Ikiwa ndefu, watu watuvumilie. Wewe mwenyewe hukuwahi kupima nyama ikawa pungufu.

Miaka thelathini na minane ulifanya kazi kwenye machinjio madogo ya mtaani kwetu Kasense, hapa Sumbawanga. Kisu cha kwanza kilikuwa cha mzee wa msikitini. Vyote vilivyofuata vilikuwa vyako: kuchuna, kupasua, kubeba mpaka buchani, kukata na kupima. Dume mzee akiletwa ulimwamkia shikamoo kabla hajalazwa. Mboje, aliyekuwa anakuuzia ng'ombe, hakuizoea tabia hiyo.

"Mzee," alikuambia, "dume huyu nimemfuga miaka tisa, na mimi hujaniamkia hata siku moja."

"Wewe hufi leo," ukamjibu.

Na maini uliyajua kuliko mtu yeyote. Ulilipapasa ini kwa kidole gumba kabla ya kulipasua, ukajua kama ndani ni safi. Likiwa baya hukungoja bwana mifugo alikatae. Ulilikataa wewe kwanza, ukalitupa shimoni nyuma ya machinjio kwa haraka, kama mtu anayeficha nguo ya ndani iliyoanguka kutoka kwenye kamba wageni wakiwa uani. Mteja wako hakuwahi kuona ini baya. Bakuli la jirani hukuwahi kulirudisha tupu. Hayo mawili ulijisifia, na ndiyo yaliyotuletea taabu.

Mwezi ule ule wa saba walikuja watafiti. Kiongozi wao alikuwa Daktari Herieth, mama mfupi mwenye miwani na sauti ya mwalimu, na alituita kwenye zahanati akatueleza. Alisema wanachunguza magonjwa ya ini na ya mirija ya nyongo, kwa ng'ombe na kwa watu. Alisema nyongo inatengenezwa ndani ya ini, inashuka kwa mirija yake kwenda tumboni kusaidia chakula. Kuna minyoo bapa wanaoingia kwenye mirija hiyo. Ng'ombe huwapata kwenye majani ya mabondeni yenye konokono, na mtu naye anaweza kuwapata kwa maji au mboga mbichi za huko huko. Mirija ikiziba, kwa minyoo au kwa jambo lingine, nyongo inarudi kwenye damu. Macho yanakuwa ya njano. Na mtu anawashwa mwili mzima, hasa mgongoni.

Coleta alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Aliposikia hayo ya mgongoni aliuona ule mwimo mbele ya macho yake.

Daktari akaendelea. Mwezi wa tisa italetwa mashine ya kupiga picha ya ini, ile ya ultrasaundi, na watu watapimwa hapo hapo zahanati. Lakini mashine ni moja na vijiji ni vingi. Itakwenda pale ambapo ng'ombe wataonekana na ugonjwa.

Wewe ukanyoosha mkono.

"Daktari, mdudu huyo namjua. Ana umbo la jani. Anakaa ndani ya mrija kama mpangaji aliyekataa kuhama, na mrija unakuwa mgumu. Ukipitisha kisu, kinalia kama kimekata mchanga."

Daktari Herieth akaacha kuandika. "Mzee wangu," akasema, "wewe ndiye ninayekutafuta."

Kwa maneno hayo ulitembea wiki nzima kifua mbele.

Mkakubaliana hivi. Kila Jumanne na kila Ijumaa utatoa ini moja, la ng'ombe wa kwanza wa siku hiyo, na Coleta atalibeba kwenye ndoo ya bluu yenye kifuniko hadi chumba cha watafiti.

"Lolote litakalotoka, Mzee. Usichague."

"Nimekuelewa, Daktari."

Hukuelewa, Babu. Jumanne ya kwanza, ini la ng'ombe wa kwanza lilikuwa na minyoo, na mkono wako ulilitupa shimoni kabla kichwa hakijauliza. Ukachukua la ng'ombe wa pili, safi, jekundu, linateleza kama sabuni. Polikarp, mwenzako wa kazi wa miaka mingi, akakohoa.

"Mzee, daktari amesema la ng'ombe wa kwanza."

"Polikarp. Mtu ametoka Dar es Salaam. Amekaa kwenye basi mpaka miguu imevimba. Umpe ini lenye wadudu?"

"Ndilo analolitaka."

"Anasema hivyo kwa adabu. Mgeni akikuambia atakula chochote, wewe unampikia matembele yaliyonyauka?"

Kweli Polikarp mwenyewe asingefanya hivyo. Ukalifuta ini kwa kitambaa, ukalilaza kwenye ndoo, ukaweka nyanya nne juu yake, ukampa Coleta. "Nenda, mke wangu," ukamwambia. "Usiitikise."

Ikawa hivyo kila Jumanne na kila Ijumaa. Maini mabaya shimoni, mazuri kwenye ndoo. Safari nyingine uliongeza kitunguu.

Coleta alijua kinachoendelea, lakini alikuwa Coleta. Alifika chumba cha watafiti akaiamkia sakafu shikamoo, na daktari akakiitikia kitambaa chake cha kichwa marahaba.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Kisha alirudi na ndoo tupu, akiligombeza lile neno njia nzima. Kwa maana nyumbani hakukuwa kuzuri. Macho yako yalianza kuwa na rangi ya mahindi ya njano. Ulitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa ncha ya kisu cha kazi, baada ya wiki mbili ukatoboa lingine. Mwimo wa kulia ulishakuwa laini kama kioo ukahamia wa kushoto. Kisha siku moja ukatoka mnadani umevaa miwani ya jua ya mtumba, mikubwa, nyeusi tii, na ukaanza kupima nyama nayo.

Vijana wa bodaboda waliokuwa wanakuamkia shikamoo wakaanza kukuambia, "Mambo, Mzee?"

"Poa," ukawajibu, maana hukutaka maswali zaidi.

Bibi alikushika usiondoke mezani. "Nenda zahanati."

"Nimefungua maini maelfu. La kwangu nalijua."

"Umeliona lini?"

Ukaenda kujikuna. Mtaani wengine walisema ini ni pombe, na wewe hukuwahi kunywa hata togwa iliyolala. Hilo lilikuuma kuliko kuwashwa.

Coleta alijaribu. Alijifunza kusema nyuma ya banda, mbele ya kuku: "Daktari, Babu anawashwa. Daktari, maini yale Babu anayachagua." Kuku walimwelewa. Lakini mbele ya mlango wa daktari ulimi ulimkauka, na kila mara alijiuliza jambo lile lile: akisema, Babu ataonekana mwongo mbele ya mtu aliyemwambia "ndiye ninayekutafuta". Akinyamaza, mashine itapita. Basi aliamkia sakafu akarudi.

Jumatano ya wiki ya nane, Daktari Herieth alikuja buchani mwenyewe.

"Mzee Marselino, nimepokea maini kumi na matano, hakuna hata mnyoo mmoja. Ng'ombe wenu wanakula nini?"

"Majani ya Ufipa, Daktari."

"Na nyanya?"

"Nyanya ni za kuungia."

Daktari alicheka, lakini hakucheka sana. Akasema Ijumaa ataletewa ini la mwisho. Likiwa safi nalo, ataandika kwamba kwetu hakuna tatizo, na mashine itashuka moja kwa moja kijiji cha Milepa. Wewe ulifurahi. Ulimsindikiza mpaka barabarani, na ukawaambia wateja kwamba ng'ombe wa Kasense sasa wanajulikana hadi Dar es Salaam. Mboje akasema ng'ombe ni wake, sifa ni zako, na miwani ya nani?

Coleta alikuwa anaosha ndoo nyuma ya bucha. Alisikia kila kitu.

Ijumaa ile ulichagua ini la mwisho kwa muda mrefu kuliko yote. Uliligeuza, ukaliangalia kwenye jua, ukaliita zuri kwa sauti. Polikarp alilisifu pia. Ukaondoka kwenda buchani, na siku hiyo Coleta alichelewa kidogo kutoka machinjioni. Tunachokumbuka sisi wengine ni kwamba jioni tulikula maini ya kukaanga na vitunguu, kwa ugali wa ulezi, jambo ambalo halikupangwa.

Ulikuwa huna hamu ya kula kwa wiki nyingi. Jioni hiyo ulitafuna, ukaacha kutafuna, ukatafuna tena.

"Hili limetoka wapi?"

Bibi alimtazama Coleta. Coleta aliutazama moto.

"Tumeletewa," Bibi akasema.

"Aliyeleta anajua kuchagua," ukasema, ukaomba kipande cha pili.

Jumamosi asubuhi foleni ya bucha ilikuwa imefika mtaroni. Daktari Herieth akaja anatembea haraka, sinia mikononi limefunikwa kitambaa. Hakungoja foleni. Aliliweka sinia juu ya meza yako akafunua, na lile ini lilikuwa limepasuliwa, mirija imekakamaa na myeupe, na wale wadudu kama majani ya kahawia wametoka nje, wengine bado wanajikunja.

"Mzee, hili limejaa," akasema. Alikuwa na furaha ya ajabu, kama mtu aliyepata barua.

Foleni yote ikainama kutazama. Ini baya, kwenye meza ya Marselino, mbele ya wateja. Hukuamini. Ulisogea, ukainama, lakini kwa miwani ile hukuona vizuri. Ukaivua.

"Hili halikutoka mkononi mwangu," ukasema.

Lakini Daktari Herieth alikuwa ameacha kulitazama ini. Alikuwa anakutazama wewe.

"Mzee wangu, macho yako yako hivyo tangu lini?"

"Macho gani?"

"Hayo."

"Haya ni ya jua."

"Na mgongo unakuwasha?"

Ukageuka, ukatazama kila mtu aliyekuwepo, utafikiri unamtafuta aliyekusema. Hapakuwa na aliyesema. Kisha hasira ikapata mahali pa kwenda, ikaenda kwa Polikarp.

"Wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unang'ang'ania la ng'ombe wa kwanza. Umeniaibisha mbele ya mgeni."

Polikarp alifungua mdomo. Mlangoni alisimama Coleta, ndoo ya bluu mkononi, na kanga yake ilikuwa na doa jekundu ambalo halikutoka hata kwa kulifua. Polikarp akaliona doa. Akafunga mdomo, akafikiri kidogo, akasema, "Nisamehe, Mzee."

Hamkusemeshana wiki tatu. Mlikuwa mnafanya kazi meza moja mmepeana migongo, na kisu kilipohitajika kilipitia kwa mteja. "Mwambie huyo anipe kisu kirefu." "Mwambie huyo kiko mbele yake." Wateja walianza kuja mapema wapate nafasi ya karibu.

Mashine haikushuka Milepa. Ililetwa kwetu kwanza, na wewe ukawekwa wa kwanza, kwa heshima, ulivyosema wewe. Kwa macho yako, alivyosema daktari. Ulilala kitandani, wakakupaka ule ute wa baridi tumboni. "Kama nimetembelewa na konokono," ukasema. Kisha ukageuza shingo ukaanza kuisoma picha mwenyewe, kwa kidole.

"Hilo ni ini. Huo ni mfuko wa nyongo. Huo hapo ni mrija, lakini juu umefura, na chini umefinywa. Pana kitu pale."

Daktari Herieth aliirudisha ile mashine mahali pale pale, mara mbili.

"Mzee, umesomea wapi?"

"Mezani," ukamjibu.

Bibi ndiye aliyekupeleka hospitali kubwa Dar es Salaam. Walipitisha mrija mdogo mdomoni mpaka ndani kabisa, wakauacha pale uzibue njia ya nyongo. Siku ya tatu kuwashwa kukaisha. Mlirudi Sumbawanga macho yako meupe kama ya mtoto, na miwani ukampa Mboje, ambaye mpaka leo anachungia nayo. Mwimo hukuuhitaji tena, lakini kila ukipita uliugusa kwa bega, kama mtu anayemsalimia jirani aliyemfaa.

Uvimbe wenyewe hawakuweza kuutoa. Hilo ulituambia wewe, sebuleni, bila kuzunguka. "Wamezibua mfereji. Kilichoufinya kimebaki." Ukamwambia Bibi asilie, ugali utaungua.

Ulipata miezi tisa. Ulirudi buchani, na sasa ulikuwa umeelewa watafiti wanataka nini, au ulidhani umeelewa. Ukaanza kuwapelekea maini mabaya tu. Ulichimbua mpaka ng'ombe wa sita na wa saba kutafuta lililo baya kupita yote, ukalipanga kwenye ndoo kwa fahari, bila nyanya. Baada ya mwezi mmoja Daktari Herieth akaja tena, ameshika kichwa.

"Mzee, kwa hesabu hii hakuna ng'ombe mzima Ufipa yote."

"Ulitaka mabaya."

"Nilitaka lolote."

"Daktari, hakuna ini linaloitwa lolote."

Ndipo akampa Coleta kazi. Aliweka vikaratasi vya namba kwenye kikombe, na kila asubuhi Coleta alifumba macho akachomoa kimoja. Ng'ombe wa namba hiyo ndiye anayetoa ini, liwe zuri liwe baya. Wewe uliona ni laana. "Mtu mzima anachagua ini amefumba macho," ulimlalamikia Bibi. Bibi akakujibu kwamba yeye alikuchagua wewe amefumbua, na tazama.

Kisha ikaja siku ya fomu. Hospitali walikuwa wamechukua kipande kidogo sana cha ule uvimbe, na Daktari Herieth aliomba ruhusa kihifadhiwe kwa utafiti. Ulimuuliza kama uvimbe huo ulisababishwa na wale minyoo. Akasema hajui, na kwamba ndiyo maana anaandika. Fomu ilikuwa kurasa tano, na miwani uliyowahi kuwa nayo haikuwa ya kusomea. Ukamwita Coleta asome.

Alisoma kwa sauti ya mbu.

"Paza, mke wangu. Ini langu halisikii."

Akapaza. "Kushiriki ni hiari yako. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu."

"Nijitoe niende wapi, na wao wana kipande changu?"

Alizisoma kurasa zote tano, na hiyo ndiyo mara ndefu kuliko zote tuliyowahi kumsikia. Ukaweka sahihi. Kisha ulikaa umeshika kalamu, na ulipozungumza hukuwa unatania.

"Utanisamehe, Daktari. Maisha yangu yote sijampa mgeni ini baya. Hili ndilo la kwanza."

Daktari Herieth alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Ulilala kitandani mwezi wa nane. Siku moja kabla ya kutuacha, ulimwita Polikarp. Alikuja na kofia mkononi akakaa kwenye kigoda.

"Polikarp, lile ini nimekusamehe."

"Asante, Mzee."

"Lakini usirudie."

"Sirudii, Mzee."

Coleta alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya moto. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Ukamtazama, akakutazama, Bibi akaita kutoka uani kwamba maji yanapoa, na nafasi ikapita. Kesho yake, Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, ulituacha asubuhi, saa ya kupeleka ndoo.

Tangu hapo yapo machache ya kukueleza. Polikarp anaendesha bucha, na anapima kama wewe. Kwenye daftari la utafiti yale maini yako kumi na matano ya kwanza yamepigwa mstari, na pembeni Daktari Herieth ameandika kwa wino mwekundu: "Hayahesabiwi. Yalichaguliwa na mwenyeji." Coleta bado anachomoa namba, na anaandika kila ini kwenye daftari, na siku hizi anamwamkia daktari usoni. Watu kumi na wanne wa mtaa wetu walikutwa na minyoo wakapewa dawa, na wamepona. Mmoja wao ni Mboje. Anasema ni kwa sababu alikuwa anakunywa maji uliyokuwa unakunywa wewe.

Unakumbukwa na mkeo Gaudiosa, ambaye amekataa mwimo usipakwe rangi; wanao Mathias na Kristiana; wajukuu zako wote; Polikarp na wateja wa bucha; Mboje, aliyetaka aandikwe kabla ya Polikarp; na Daktari Herieth na wenzake. Maadamu ndoano zako zimening'inia pale, Babu, jina lako halitashuka.

Mistari iliyobaki Coleta ameomba iwe yake peke yake.

Babu, hakukuwa na cha kumsamehe Polikarp. Ijumaa ile yeye alikuwa amekwenda kunawa. Polikarp, kama umesimama nje karibu na baiskeli yako kama kawaida, ingia usikie. Ni mimi niliyelitoa shimoni ini la ng'ombe wa kwanza. Lilikuwa juu, halijafukiwa. Nilililoweka kwenye maji, nikaliweka kwenye ndoo, na lile lako zuri nikalifunga kwenye kanga. Kusema kwamba unawashwa sikuweza. Kubeba ndoo niliweza.

Na lile zuri ndilo ulilokula jioni, ukaomba kipande cha pili. Ulisema aliyeleta anajua kuchagua. Ulichagua wewe, Babu. Mimi nilileta tu.